Kioo cha nyuma kwenye miwani: kukitengeneza, kukikalisha na kukizoea

Miwani yenye kioo cha kuonea nyuma hufanya kazi vizuri au haifanyi kazi kabisa, na kinachotenganisha hali hizo mbili ni milimita chache na nyuzi chache za pembe. Wengi hujaribu mara moja, wakaona sikio lao na kipande cha anga, kisha wakakitupia kioo kabatini. Mara nyingi kosa si la kioo. Kimekaa karibu mno na shavu, au kimeelekezwa kwa kukisia tu.

Maelezo haya yanahusu aina inayotegemewa zaidi: kioo bapa cha upana wa milimita 30, kilicho mwisho wa waya mfupi uliofungwa kwenye mkono wa miwani, yaani ule upande unaokwenda hadi sikioni. Wanaokitumia zaidi ni waendesha baiskeli, lakini kinamfaa pia anayekimbia barabarani, mpiga makasia ambaye hukaa akiipa kisogo njia anayoiendea, na mtu ambaye shingo yake haigeuki vizuri.

Aina ya waya na aina ya ndani ya lenzi

Ipo aina nyingine inayojulikana sana, miwani ya jua ambayo kingo za nje za lenzi zake zimepakwa rangi ya kioo upande wa ndani. Ukikodoa jicho pembeni unaona nyuma. Watoto huiita miwani ya kipelelezi na kwa mchezo inatosha. Kwa barabarani ina kasoro mbili zisizoondoka.

Ya kwanza ni mviringo wa lenzi. Upande wa ndani wa lenzi ya kawaida umebonyea kama bakuli, na bakuli linaloakisi hukusanya miale. Lenzi iliyopinda kwa nusu kipenyo cha mm 88, ambayo ni mkunjo wa kawaida kwa miwani ya jua, hukusanya miale ya vitu vya mbali kwenye umbali wa mm 44 tu. Jicho lako liko ndani ya umbali huo, kwa hiyo miale huingia ikiwa bado inakutana, na jicho la mwanadamu haliwezi kuilenga miale ya namna hiyo. Unaona ukungu. Ndiyo maana miwani ya kipelelezi inayofanya kazi kweli ina lenzi bapa au karibu na bapa.

Ya pili ni kichwa chako mwenyewe. Ukingo wa lenzi uko ndani ya upana wa kichwa, kwa hiyo mstari wa kutazama moja kwa moja nyuma unagonga panja na sikio. Chukua sehemu ya kioo iliyo mm 55 kutoka katikati ya uso, na sikio ambalo ukingo wake uko mm 90 kutoka hapohapo katikati, mm 100 nyuma ya lenzi. Ili kulikwepa sikio hilo lazima utazame nje kwa nyuzi kama 20. Maana yake ni kwamba gari lililo nyuma yako kabisa hutaliona mpaka ugeuze kichwa nyuzi 20, na kazi ya kioo ilikuwa kukuondolea kazi hiyo.

Kioo cha waya kinaepuka kasoro zote mbili kwa sababu ni bapa na kimetoka nje ya kichwa.

Vipimo vitatu vya kushika

Kabla ya kukata chochote, elewa kioo kinatakiwa kiwe wapi. Simama mbele ya kioo cha ukutani ukiwa umevaa miwani, ushike rula.

Katikati ya kioo chako inatakiwa iwe mm 65 mbele ya mboni na mm 55 nje ya mboni, kuelekea upande wa sikio. Ukipiga hesabu, umbali kutoka jichoni ni mm 85, na jicho linageuka nyuzi 40 kutoka mbele ili kukiona. Hapo jicho bado linafika bila kuuma, na kioo hakizibi njia iliyo mbele yako. Kwa kimo kiwe usawa wa jicho au mm 10 juu yake. Anayeinama kwenye usukani wa baiskeli ya mbio atahitaji hizo mm 10, kwa sababu akiinama huwa anatazama mbele kupitia sehemu ya juu ya lenzi.

Kipimo cha pili ni mwelekeo wa kioo, na hapa ndipo wengi hupotea. Mtu hudhani kioo kikabili jicho. La. Kioo kikilikabili jicho, utaona jicho. Kinatakiwa kielekee katikati ya pande mbili, kati ya jicho lako na nyuma. Kwa kuwa jicho liko nyuzi 40 kutoka kwenye mstari wa nyuma, kioo kigeuzwe kuelekea uso nyuzi 20 tu, nusu yake. Ukikitazama kwa juu, kinaonekana kama kimekabili nyuma na kuinamia uso kidogo tu.

Cha tatu ni upana. Kioo cha mm 30 kilicho mm 85 kutoka jichoni, kikiwa kimeinama hizo nyuzi 20, hukupa uwanja wa kuona wa nyuzi 19 hivi. Umbali wa mita 20 nyuma yako, hiyo ni upana wa mita 6 na nusu, ingawa ukingo wa ndani utaliwa na sikio. Kioo cha mm 20 hubana mno, na cha mm 45 huziba sehemu kubwa ya pembeni na hutikisika kwa uzito wake. Kati ya mm 28 na 32 ndipo panapofaa. Umbo la mraba wenye pembe zilizozungushwa huonyesha zaidi kuliko duara la upana uleule, na ni rahisi zaidi kukata.

Upande gani? Upande ambao magari hukupita. Penye kuendesha kushoto, kioo hukaa kulia. Penye kuendesha kulia, hukaa kushoto. Usiweke pande zote mbili. Kila kioo hufunika kipande cha pembeni cha jicho moja, na kipande hicho huonwa na jicho la pili. Mtu anayeona kwa jicho moja tu hana jicho la kufidia. Aanze kwa kushikilia kioo kwa mkono mahali pake akiwa amesimama, aone kinamficha nini, kabla ya kuamua.

Vifaa

Spoki moja ya baiskeli ya chuma kisichoshika kutu, unene wa mm 2.0, urefu usiopungua mm 260. Spoki ya mm 1.8 inaweza kufaa, lakini mtikisiko utauona. Waya wa henga ya nguo hupinda kirahisi na hujikunjua kirahisi vilevile, kwa hiyo kila kituo utakuwa unarekebisha kioo.

Kioo cha akriliki au cha polikaboneti, unene wa mm 2. Mafundi wa mabango huwa na vipande wanavyotupa. Usitumie kioo cha glasi. Kitu hiki kinakaa sentimita 8 na nusu kutoka kwenye jicho, na siku utakayoanguka hutaki vigae hapo. Tena glasi ni nzito: kipande cha mm 30 kwa 30 kwa 2 cha akriliki kina gramu 2 na kidogo, cha glasi kina 4 na nusu. Polikaboneti ni ngumu kupasuka kuliko akriliki, basi ukiipata ichukue hiyo.

Usitumie pia kipande cha CD. Kinang'aa, lakini kina mifereji iliyopangana kila mikromita 1.6, na taa za gari zikigonga hapo usiku zinatawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua badala ya taa mbili.

Kioo kiwe bapa. Vile vilivyotuna mbele, vya aina ya pembeni mwa gari, vina uwanja mpana na watu huvipenda kwa sababu hiyo, lakini hapa vina madhara mawili. Gari huonekana dogo na la mbali kuliko lilivyo. Jingine, ambalo wengi hawalijui, ni kwamba kioo kilichotuna huiweka taswira ya kitu cha mbali karibu, kwenye nusu ya nusu kipenyo chake. Kikiwa na nusu kipenyo cha mm 600, gari lililo mita 100 nyuma linaonekana kwa jicho kana kwamba liko sm 30 nyuma ya kioo. Mtu aliyepita umri wa kusoma bila miwani hawezi kuilenga taswira hiyo. Kioo bapa huiacha taswira mbali kama gari lenyewe lilivyo mbali, na jicho halihitaji kubadilisha chochote linapotoka barabarani kwenda kiooni.

Vingine ni vidogo: koleo lenye mdomo mwembamba na koleo la kukatia, tupa ndogo, msasa namba 240 na 400, kisu cha bledi, rula ya chuma, gundi ya epoksi ya kuchanganya, mkanda wa gundi wa sponji wenye kunata pande mbili, kipande cha plastiki ngumu cha mm 20 kwa 20 (kadi ya zamani ya benki inatosha), mpira wa ndani wa tairi uliochakaa, na vifungio viwili vya plastiki vya kubania nyaya, upana wa mm 2.5.

Kukata kioo

Usibandue ngozi ya plastiki iliyo usoni mwa kioo mpaka kazi yote iishe. Chora mraba wa mm 30. Weka rula, pitisha bledi kwenye mstari uleule mara 8 hadi 10 bila kukandamiza sana, mpaka mfereji ufike karibu nusu ya unene. Laza mstari huo ukingoni mwa meza na uvunje kwa msukumo mmoja wa haraka. Ukisitasita, akriliki huvunjika inapotaka yenyewe. Polikaboneti haivunjiki hivyo kwa kuwa hupinda tu. Hiyo ikatwe kwa msumeno wenye meno madogo.

Zungusha pembe nne kwa tupa mpaka ziwe na nusu kipenyo cha mm 4 hivi, halafu lainisha kingo zote kwa msasa 240 na umalizie kwa 400. Pitisha ukingo kwenye ngozi laini ya ndani ya mkono. Ukikwaruza, bado.

Kabla ya kuendelea kagua kama kioo kimenyooka. Shikilia ukione kizingiti cha mlango kupitia kwake huku ukikisogeza polepole. Mstari ukipinda au kuogelea, kipande hicho kina mawimbi, kata kingine. Vipande vya mm 1 huwa na tatizo hili karibu kila mara, na hata kikiwa kizuri mwanzoni gundi inapokauka hukivuta kikapinda.

Kukunja waya

Kata kichwa cha spoki na sehemu yenye nyuzi za skrubu. Baki na waya ulionyooka wa mm 245. Piga tupa ncha zote mbili ziwe za mviringo.

Chuma hiki kina tabia ya kurudi nyuma. Ukikikunja hadi nyuzi 90 na kuachia, hurudi kwenye 75 au 80, kwa hiyo pitiliza kidogo. Usikunje na kukunjua palepale mara nyingi. Kila mkunjo hukifanya chuma kuwa kigumu zaidi mahali hapo, na ukirudia mara nne tano hukatika bila kukuonya. Ukikosea sana, chukua spoki nyingine.

Anza na kibanio. Waya wa mviringo uliofungwa peke yake kwenye mkono bapa wa miwani hujiviringisha, na kioo huinama chini kama ua lililonyauka. Dawa yake ni kuukunja waya uwe kama pini ya nywele. Pima mm 50 kutoka ncha moja, ukunje kuzunguka kitu cha unene wa mm 8 mpaka waya urudi sambamba na wenyewe, kisha uendelee mm 50 nyingine. Sasa una nyuzi mbili za waya zilizo sambamba, zenye nafasi ya mm 6 hadi 8 kati yake. Zinalala ubavuni mwa mkono wa miwani moja juu na nyingine chini, na haziwezi kujiviringisha. Kama mkono wa miwani yako ni mwembamba kuliko mm 8, bana nafasi hiyo mpaka nyuzi zote mbili ziuguse. Mkono wa waya mwembamba kabisa, wa miwani za chuma, haushiki kibanio hiki vizuri. Kwa kazi hii tafuta fremu yenye mikono bapa ya plastiki.

Mkunjo wa pini uelekee sikioni. Uzi wa chini uishie kwenye mwisho wa mbele wa kibanio. Uzi wa juu ndio unaoendelea mbele kuwa shina.

Kutoka mwisho wa kibanio, ambao utakaa mm 15 nyuma ya bawaba, shina liende mbele mm 75 likitanuka nje kidogo. Linatakiwa litoke nje mm 17 katika urefu huo, yaani nyuzi kama 13. Usiliongeze urefu bila sababu. Mtikisiko wa waya hukua kwa urefu mara urefu mara urefu: shina la mara mbili hupinda mara 8 kwa uzito uleule. Unene nao una nguvu kubwa zaidi. Waya wa mm 2.0 ni mgumu karibu mara mbili na nusu ya waya wa mm 1.6, na ndiyo sababu ya kusisitiza spoki nene.

Mwishoni, shina lipite nje ya ukingo wa nje wa kioo, kisha lijikunje kurudi ndani, nyuma ya kioo, na kumalizika kwa pete bapa ya kipenyo cha mm 12. Pete hiyo hula mm 38 za waya. Likipita upande wa ndani, kati ya jicho na kioo, utakuwa na mstari mweusi katikati ya kila unachokiona. Funga pete kabisa, ncha isibaki wazi. Ncha ya waya karibu na jicho ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika kifaa hiki.

Kuunganisha

Usigundishe waya moja kwa moja mgongoni mwa kioo. Mgongo huo ni rangi juu ya utando mwembamba sana wa metali. Gundi itashika rangi, na siku kioo kitakapogongwa rangi itabanduka na waya, na taswira itabaki na tundu. Gundisha pete kwenye kipande cha kadi kwanza, kwa epoksi inayoifunika pete yote, baada ya kukwaruza kadi na waya kwa msasa 240. Acha usiku kucha hata kama pakiti inasema dakika 5. Kesho yake bandika kadi nyuma ya kioo kwa mkanda wa sponji. Sponji hupunguza mtikisiko mdogo, na kioo kikikwaruzika utakitoa kwa kisu na kubandika kipya bila kugusa waya.

Supaglu isikaribie kioo. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye akriliki ambao hautoki. Silikoni inayonuka siki nayo hula utando wa metali kutoka nyuma, na baada ya muda madoa meusi huanza kutambaa kutoka kingoni.

Kata kipande cha mpira wa ndani wa tairi, upana wa mm 15 na urefu wa kuzunguka mkono wa miwani mara moja. Uzungushe, laza kibanio juu yake, kisha funga vifungio viwili, kimoja karibu na mkunjo wa pini na kingine mm 5 kutoka mwisho wa mbele. Mpira huzuia kuteleza na hulinda fremu isikwaruzwe. Kaza kwa koleo, kata mikia, na uelekeze vichwa vya vifungio nje, visikusugue panja. Mkono huu wa miwani sasa haukunjiki vizuri, maana shina hutokeza mbele ya bawaba. Anayekunja miwani kila siku afunge kibanio kwa vipete viwili vya mpira badala ya plastiki, akitoe kila anapoiweka. Hakishiki kwa uimara uleule, ila kina faida moja: kikigongwa, kinachomoka.

Kukielekeza

Kazi hii inahitaji mtu wa pili na sehemu iliyonyooka ya mita 20 au zaidi. Kama ni ya baiskeli, kaa juu ya baiskeli kwa mkao wako wa kawaida na helmeti kichwani. Kioo kilichorekebishwa umesimama wima huonyesha lami ukiinama.

Mwenzako asimame mita 20 nyuma yako. Tazama mbele, kisha zungusha jicho tu, kichwa kisisogee. Kitu cha kwanza utakachokiona pengine ni shavu au nywele. Sogeza kioo nje taratibu mpaka sikio litokee, uone ule ukingo wake wa nyuma, halafu uendelee mpaka libaki kama uzi mwembamba kwenye ukingo wa ndani wa kioo. Hapo simama. Uzi huo wa sikio uache uwepo. Kila ukikitupia kioo jicho, utajua mara moja kama miwani imehama: sikio likipotea, kioo kimegeukia nje, na likijaa, kimeingia ndani. Kwa kimo, upeo wa macho, pale ardhi inapokutana na anga, uwe katikati.

Rekebisha kidogo kidogo. Kioo kikigeuka nyuzi 1, unachokiona kinahama nyuzi 2, na mita 30 nyuma hiyo ni mita moja nzima. Shika waya karibu na kioo kwa vidole vya mkono mmoja na shina kwa mkono mwingine, ukunje kati yake. Ukisukuma kioo chenyewe utang'oa sponji.

Sasa geuza kichwa kuelekea upande wa kioo, nyuzi 5 hadi 10. Mwenzako aliye nyuma yako kabisa anatakiwa aingie katikati. Geuza upande wa pili, na uwanja utahamia pembeni. Hapa kinakishinda kioo cha usukani, kwa sababu kinakwenda na kichwa, na kwa kutikisa shingo kidogo unafagia barabara nzima.

Mwenye miwani ya macho ana jambo moja la ziada la kukagua. Mstari kutoka jicho hadi kioo lazima upite ndani ya lenzi. Ukipita nje ya fremu, kioo kitakuwa na ukungu kwa mwenye kuona karibu tu, na hakuna marekebisho ya mwelekeo yatakayoondoa ukungu huo. Kwa lenzi ndogo sogeza kioo mbele mm 10 na ndani mm 5, ukubali sikio lile sehemu kubwa zaidi ya kioo, au tumia fremu pana.

Kukizoea

Siku ya kwanza macho mawili yanagombana. Moja linaona nyuma, jingine mbele, na wengine huumwa kichwa kidogo. Kaa kwanza barazani ukihesabu wapita njia kupitia kioo, kisha tembea nacho, kisha panda baiskeli mahali pasipo na magari. Kwa wengi wiki moja au mbili hutosha, na baada ya hapo jicho huenda lenyewe.

Mtupo mmoja wa jicho usizidi sekunde. Gari linalokukaribia kwa tofauti ya mwendo ya kilomita 50 kwa saa hula mita 14 kila sekunde, na wewe wakati huo hutazami mbele. Kupima umbali kwa kioo kuna kanuni rahisi: umbali ukipungua nusu, taswira huongezeka maradufu. Tazama mara mbili kwa kuachia nafasi, na ulinganishe ukubwa. Gari ambalo taswira yake haikui liko nyuma yako kwa mwendo wako.

Kioo kinakuambia kama kuna kitu nyuma. Hakikuambii kwamba hakuna kitu. Ubavuni mwako kuna sehemu ambayo haimo kiooni wala kwenye kona ya jicho, na pikipiki huenea humo. Kabla ya kuhama mstari wa barabara, tazama kioo, kisha geuza kichwa utazame juu ya bega, kila mara. Ambaye shingo yake haigeuki asihame upande akiwa mwendoni. Ashuke pembeni asubiri.

Mambo yanayoharibika

Taswira ikitetemeka kwenye barabara mbovu, kagua vifungio kwanza, kisha urefu wa shina. Mtetemo wa haraka mdogo huwa ni wa waya mrefu au mwembamba, na mrukoruko mkubwa wa polepole ni miwani yenyewe kucheza puani. Huo dawa yake ni kamba ya kufungia miwani kisogoni, au fundi wa miwani akunje ncha za sikioni zishike. Uzito wa upande mmoja, gramu 9 au 10 zote pamoja, unatosha kuifanya miwani nyepesi iteremke upande huo.

Kioo kinachoinama chini polepole kila baada ya nusu saa kina pini iliyopanuka. Toa vifungio, bana nyuzi mbili zikaribiane, ufunge upya.

Usiku, taa ya gari ikionekana na kivuli chake hafifu pembeni, hiyo ni miale inayoakisiwa na uso wa mbele wa plastiki pamoja na ile ya utando wa nyuma. Ni kawaida, na hupungua kioo kikiwa chembamba, ila usishuke chini ya mm 2 kwa sababu ya kupinda iliyotajwa. Jua la jioni likiwa nyuma yako litakuchoma jicho moja kwa moja. Inua kidevu kidogo, au kigeuze kioo nje mpaka lizame.

Safisha kwa maji na tone la sabuni, na kitambaa laini cha pamba. Spiriti na asetoni huitia akriliki nyufa ndogo ndogo ambazo huanza kingoni na kuonekana kama utando wa buibui. Vumbi lioshwe kabla ya kufuta, maana kulifuta likiwa kavu ni sawa na kupiga msasa. Na kila mwezi pitisha kidole kwenye mikunjo ya waya, hasa ule ulio karibu na kioo. Ukihisi mchirizi au ukiona mstari mweusi mwembamba, spoki hiyo imeanza kupasuka. Ibadilishe kabla ya safari inayofuata.